Barua ya wazi kwa Jaji Mkuu: wazee washauri wa mahakama waulizwe kuhusu uhusiano wao na polisi kabla ya kuketi

Kwa Mheshimiwa Jaji Mkuu wa Tanzania,
Makao Makuu ya Mahakama,
Dodoma.

Mheshimiwa,

YAH: UHUSIANO WA WAZEE WASHAURI WA MAHAKAMA NA ASKARI POLISI KATIKA KESI ZA JINAI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Natanguliza heshima zangu kwako na kwa mhimili unaouongoza.

Naandika hadharani kwa sababu njia ya faragha nimekwisha kuipita hadi mwisho wake. Mwaka jana kijana wa ndugu yangu alishtakiwa kwa wizi wa simu katika mojawapo ya mahakama za mwanzo za jiji hili la Dar es Salaam. Sitaitaja mahakama hiyo, wala hakimu, wala wazee wawili walioketi naye, kwanza kwa kuwa shauri lipo katika rufaa na sitaki kuliingilia, na pili kwa kuwa ninachokilalamikia hakiwezi kuondoka kwa kumwaibisha mtu mmoja. Nitaeleza tu kile kinachohitajika ili hoja yangu ieleweke.

Mtu pekee aliyesema kwamba alimwona kijana huyo akichomoa simu mfukoni mwa abiria, asubuhi yenye msongamano katika stendi ya daladala, alikuwa askari wa doria. Mwenye simu alieleza kwamba alishtuka tu na kukuta mfuko mtupu, na simu yenyewe haikukutwa kwa kijana. Kwa hiyo kesi nzima ilisimama juu ya jambo moja, nalo ni kama askari yule aaminiwe au asiaminiwe. Hukumu ilipokwisha kusomwa na kijana kutiwa hatiani, ndipo jamaa zetu wanaoishi karibu na mmoja wa wazee wale walipotueleza kwamba mzee huyo ana mtoto aliye askari katika kituo kilekile, anayefanya zamu na askari aliyetoa ushahidi.

Nilipouandikia uongozi wa mahakama ile, nilijibiwa kwa mdomo kwamba mzee huyo ni mwadilifu, anaheshimika mtaani kwake na hajawahi kulalamikiwa. Nilipopeleka malalamiko ngazi ya juu zaidi, barua yangu iligongwa muhuri wa kupokelewa, na tangu hapo sijapata jibu la maandishi. Ninaamini kabisa kwamba mzee yule ni mwadilifu. Malalamiko yangu ni kwamba hakuna aliyemwuliza kuhusu uhusiano huo kabla hajaketi, na hakuna aliyemwambia mshtakiwa kwamba ana haki ya kujua. Naomba sasa niyaeleze yanayonisumbua, moja baada ya jingine.

1. Mzee wa baraza ana uzito halisi katika hukumu

Nchi yetu haina jopo la raia linaloamua peke yake kama mtu ana hatia au hana, lile ambalo Waingereza na Wamarekani huliita juri. Tunao wazee washauri, na wapo wanaowaona kama watu wa kukamilisha akidi tu. Historia ya sheria zetu haiungi mkono mtazamo huo. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984, ilivyotungwa, iliweka wazee wasiopungua wawili pamoja na hakimu wa mahakama ya mwanzo, na ikaagiza kwamba wanapotofautiana, jambo liamuliwe kwa kura za walio wengi, liwe ni dhamana, hatia au adhabu. Maana yake ni kwamba wazee wawili wakikubaliana wanaweza kumshinda hakimu mwenyewe.

Katika Mahakama Kuu nafasi yao ni ya kutoa maoni, na Jaji hafungwi nayo. Hata hivyo, tangu mwaka 1954 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza kwamba maoni ya washauri yanaweza kuwa na thamani kubwa, ilimradi wameyaelewa kikamilifu mambo ya kesi. Mahakama yetu ya Rufani nayo imefuta mienendo ya mashauri kadhaa ya mauaji kwa sababu washauri hawakuelekezwa vizuri, au kwa sababu waliwahoji mashahidi kwa namna ya kuwabana, kana kwamba wao ni upande mmoja wa kesi. Ikiwa swali lililoulizwa na mshauri kwa namna isiyo sahihi limetosha kuvunja kesi nzima ya mauaji, sioni ni vipi udugu wa mshauri na upande wa mashahidi uwe jambo dogo lisilostahili hata kuulizwa.

Ninafahamu kwamba mabadiliko ya sheria ya miaka ya karibuni yamepunguza ulazima wa kuketi na washauri. Hoja yangu inahusu kila shauri ambalo mahakama imeamua kuketi nao.

2. Uhusiano na polisi hufanya kazi kimyakimya

Hapa ndipo moyo wa malalamiko yangu ulipo, na naomba univumilie nikirefusha kidogo.

Watu wakisikia kwamba mwamuzi ana upendeleo hufikiria rushwa au njama. Uhusiano wa kifamilia hauhitaji lolote kati ya hayo. Mzazi wa askari ameishi miaka mingi akimsikiliza mwanawe anaporudi kutoka kazini usiku, amechoka, akisimulia jinsi vibaka wanavyokana kila kitu wakifika mahakamani. Mzazi huyo amemhurumia mwanawe, amemwombea, na amejifunza kuitazama kazi ile kwa macho ya mwanawe. Siku anapoketi mahakamani na kumsikia askari mwingine akisema maneno yaleyale aliyozoea kuyasikia nyumbani, anayapokea kama jambo analolijua tayari. Hajakusudia kumwonea mtu. Pengine yeye mwenyewe hawezi kutambua kwamba ushahidi wa askari ameupokea bila kuupima, ilhali utetezi wa mshtakiwa ameupima kwa kila namna.

Lipo kubwa zaidi ya hilo, nalo ni maneno yanayosemwa nje ya mahakama. Mashauri yetu hayamalizwi kwa siku moja. Huahirishwa, na wazee hurudi majumbani. Katika jiji hili mahakama ya mwanzo na kituo cha polisi mara nyingi huhudumia mitaa ileile, na watu hao hukutana msikitini, kanisani, misibani na kwenye vikao vya harusi. Inatosha mtu mmoja mezani kusema, "Yule kijana tunamfahamu, si mara yake ya kwanza," na hapo umekwisha kuingia ushahidi ambao haukutolewa kizimbani, mshtakiwa hakuusikia, hakimu hakuurekodi, na hakuna aliyepata nafasi ya kumhoji aliyeutoa. Sidai kwamba ndivyo ilivyotokea katika kesi ya kijana wetu. Ninachosema ni kwamba hakuna mtu leo anayeweza kutuhakikishia kwamba halikutokea, kwa kuwa uhusiano wenyewe haukujulikana na hakuna aliyemwonya mzee yule.

Tena uhusiano huo hauishii kwa mtoto na mzazi. Yupo mzee aliyestaafu jeshi la polisi na bado anaitwa afande na vijana aliowafundisha kazi. Yupo mwenye nyumba ambaye wapangaji wake ni askari. Yupo mjumbe wa kamati ya ulinzi shirikishi ambaye kila wiki hukaa kikao kimoja na polisi kata, na huenda ndiye aliyepeleka taarifa za wahalifu wa mtaa. Yupo mama mwenye mgahawa jirani na kituo, ambaye wateja wake wa kila mchana ni askari na baadhi yao anawadai. Na upande wa pili wapo watu ambao watoto wao waliwahi kupigwa mahabusu au kukamatwa bila kosa, na ambao tangu siku hiyo hawaamini neno lolote linalotoka kinywani mwa askari. Mtu wa namna hiyo naye asiketi katika kesi inayotegemea neno la polisi, kwa sababu upande wa mashtaka una haki ileile ya kusikilizwa na mtu asiye na jambo moyoni. Ninachokiomba kitawalinda askari wakweli sawasawa na kitakavyowalinda washtakiwa.

Sheria yetu ya Ushahidi haidai idadi maalumu ya mashahidi ili jambo lithibitishwe. Shahidi mmoja anayeaminika anatosha. Hiyo ni kanuni nzuri, lakini inaweka mzigo mzito juu ya yule anayeamua nani anaaminika.

3. Wenzetu wamekwisha kulijadili jambo hili kwa kina

Zamani Uingereza na Wales hazikuruhusu kabisa askari polisi kuwa wajumbe wa juri. Mwaka 2001 Jaji aliyepewa kazi ya kupitia mahakama zao za jinai, Lord Justice Auld, alipendekeza marufuku hiyo iondolewe ili kila raia abebe wajibu huo. Sheria ya mwaka 2003 ikafuata pendekezo lake, na kuanzia Aprili 2004 askari na waendesha mashtaka wakaanza kuketi katika majopo. Haukupita muda mrefu rufaa zikaanza kuja.

Mwaka 2007 rufaa tatu zilisikilizwa kwa pamoja na majaji wa Bunge la Mabwana, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya mwisho nchini humo. Katika rufaa moja, kiongozi wa jopo alikuwa askari, lakini ushahidi wa polisi haukuwa na mgogoro mkubwa. Rufaa hiyo ilikataliwa. Katika ya pili, mgogoro ulikuwa kati ya neno la mshtakiwa na neno la sajenti wa polisi, na mmoja wa wajumbe wa jopo alikuwa askari aliyetumikia eneo lilelile alilotumikia sajenti huyo. Hapakuwa na uthibitisho kwamba walifahamiana. Hata hivyo hatia ilitenguliwa. Katika rufaa ya tatu, mjumbe wa jopo alikuwa mwajiriwa wa ofisi ileile iliyokuwa ikiendesha mashtaka, na hatia hiyo nayo ikatenguliwa. Majaji hawakuwa na kauli moja, maana watatu walikuwa upande mmoja na wawili upande mwingine, jambo linaloonyesha kwamba hata wanasheria wakubwa wanaliona kuwa gumu.

Kisha Desemba 2011 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, iliyoko Strasbourg, iliamua shauri la watu wawili waliotiwa hatiani Uingereza kwa dawa za kulevya. Mjumbe mmoja wa jopo alikuwa askari aliyemfahamu shahidi mmoja wa polisi kwa takriban miaka 10 na aliyewahi kufanya naye kazi. Mjumbe huyo alikuwa muungwana, akasema mwenyewe mahakamani. Jaji akamwacha aendelee, na akawa kiongozi wa jopo. Mahakama ya Strasbourg ilisema haki ya kusikilizwa na chombo kisichopendelea ilivunjwa, kwa kuwa ushahidi wa shahidi huyo ulikuwa na mgogoro.

Kwa uaminifu niseme pia kwamba Marekani wamekwenda njia tofauti kidogo. Mwaka 1982 Mahakama yao ya Juu ilikataa kutengua moja kwa moja hatia ya mtu ambaye mjumbe mmoja wa juri yake alikuwa ameomba kazi katika ofisi ya mwendesha mashtaka wakati kesi ikiendelea. Ilisema kikao cha kuuchunguza upendeleo wenyewe kinatosha. Lakini kikao hicho kilifanyika, mjumbe akahojiwa, na maelezo yake yakaandikwa. Zaidi ya hapo, katika mahakama nyingi za huko wajumbe huulizwa kabla ya kuchaguliwa kama wao au jamaa zao wa karibu ni polisi, na kama wataliamini neno la askari kuliko la mtu mwingine kwa sababu tu ni askari.

Ukizisoma kesi hizo utaona kwamba hakuna anayesema kuwa kila mwenye ndugu polisi afukuzwe. Kipimo chao kimekuwa maswali mawili: je, ushahidi wa polisi una mgogoro, na je, mwamuzi ana uhusiano na polisi hao hasa? Katika kesi ya kijana wetu majibu ya maswali yote mawili yalikuwa ndiyo, na hakuna hata moja lililoulizwa.

4. Hakimu ana kanuni. Mzee aliyeketi kando yake hana

Mahakama ya Rufani ya Tanzania imekwisha kueleza sababu ambazo mdaawa anaweza kuzitoa kumkataa jaji au hakimu: kuwapo kwa uhasama kati yao, uhusiano wa karibu na upande wa pili, au maslahi katika matokeo ya shauri. Mahakimu wetu wanazijua, na nimewahi kuona hakimu akijitoa kwa sababu tu mdaawa ni jirani yake. Mahakama hiyohiyo imesema pia kwamba katika Mahakama Kuu ni vyema mshtakiwa aelezwe haki yake ya kumkataa mshauri asiyemwamini. Lakini haki ya kumkataa mtu usiyemjua ni haki tupu. Mshtakiwa anayeletwa kutoka mahabusu na kuwaona wazee hao kwa mara ya kwanza ataulizwa, "Una pingamizi nao?" na atasema hana, kwa kuwa hajui watoto wao wanafanya kazi wapi. Mwenye kujua ni mzee mwenyewe, na ndiye anayepaswa kuulizwa kwanza.

5. Siku askari anapokuwa mshtakiwa

Mwaka 2006 wafanyabiashara wa madini kutoka Mahenge na dereva wa teksi waliuawa katika jiji hili, na waliosimama kizimbani walikuwa askari polisi. Mahakama Kuu iliwaachia mwaka 2009, na Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani mmoja wao mwaka 2016. Sina neno lolote juu ya washauri wa kesi ile. Naitaja kwa sababu katika kesi ya aina hiyo familia za waliouawa zina haki kamili ya kujua kama yeyote anayetoa maoni juu ya washtakiwa ana ndugu kazini pamoja nao.

Mheshimiwa, najua majibu ninayoweza kupewa, kwa kuwa mengine nimekwisha kupewa.

Nitaambiwa kwamba Dar es Salaam kila mtu ana ndugu au jirani polisi, na kwamba tukianza kuulizana hatutapata mzee wa kuketi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Siombi wapatikane wazee wasiomjua askari yeyote duniani. Naomba kesi inayotegemea neno la askari wa kituo fulani isiamuliwe na mzazi, mke, mume, ndugu au mshirika wa askari wa kituo hichohicho. Kuwapata watu wawili wa namna hiyo katika jiji la mamilioni hakuwezi kuishinda Mahakama iliyojenga majengo mapya nchi nzima na kuhamishia kazi zake nyingi kwenye mifumo ya kielektroniki.

Nitaambiwa kwamba mshtakiwa hakupinga. Nimekwisha kueleza kwa nini hakuweza.

Nitaambiwa kwamba mashauri yatachelewa, na kwamba Ibara ya 107A ya Katiba inazitaka mahakama zisicheleweshe haki bila sababu ya kimsingi. Maswali matatu yanayojibiwa kwa ndiyo au hapana huchukua dakika chache asubuhi ya kwanza. Kinachochelewesha haki ni rufaa, hukumu kutenguliwa, shauri kurudishwa kuanza upya, na kijana kukaa gerezani wakati hayo yote yakiendelea. Na Katiba hiyohiyo, katika Ibara ya 13(6)(a), inatoa haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Sioni usikilizwaji gani uliokamilika pale ambapo anayesikiliza ana upande usiojulikana.

Nitaambiwa pia kwamba rufaa ndiyo dawa. Rufaa husoma mwenendo ulioandikwa, na kisichoulizwa hakiandikwi. Sisi tulipotaka kulieleza jambo hili tulikosa hata mstari mmoja katika mwenendo wa shauri wa kuushika, na ilibidi tuanze kutafuta viapo vya majirani ambao, kwa sababu zinazoeleweka, hawataki kuapa dhidi ya familia ya askari wanayeishi naye mtaa mmoja.

Na nitaambiwa, kama nilivyokwisha kuambiwa, kwamba kumwuliza mzee maswali hayo ni kumvunjia heshima. Mwaka 1923 huko Sussex, Uingereza, karani wa mahakama aliingia na mahakimu katika chumba cha mashauriano, ilhali ofisi yake ya uwakili ilikuwa ikimwakilisha mtu wa upande wa pili katika madai yaliyotokana na ajali ileile. Mahakimu walieleza kwamba hawakumwuliza neno naye hakusema neno, na hakuna aliyewatilia shaka. Hatia ilitenguliwa hivyohivyo, na msingi uliowekwa siku ile, kwamba haki itendeke na ionekane dhahiri ikitendeka, hurudiwa na majaji wetu hadi leo. Karani yule hakuitwa mwovu na mtu yeyote. Mzee wetu naye akiulizwa mapema atapewa nafasi ya kusema ukweli wake na kupisha shauri moja kwa heshima, badala ya kusemwa pembeni baada ya hukumu, kama anavyosemwa sasa. Kuachwa bila kuulizwa ndiko kulikomvunjia heshima.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba mambo yafuatayo, yote yakiwa ndani ya uwezo wa Mahakama kuyaelekeza au kuyapendekeza kwenye kanuni:

(a) Kabla ya shauri lolote la jinai ambalo wazee au washauri wataketi, kila mmoja aulizwe kwa sauti, mbele ya pande zote, maswali haya: je, wewe, mwenzi wako, mzazi, mtoto au ndugu yako wa karibu ni askari au aliwahi kuwa askari, na wa kituo gani, je, unamfahamu mshtakiwa, mlalamikaji au shahidi yeyote aliyetajwa, na je, una jambo lolote na polisi, la wema au la ubaya, linaloweza kukufanya usiupime ushahidi wao sawa na wa watu wengine. Majina ya mashahidi wanaotarajiwa asomewe kabla ya kujibu.

(b) Majibu yaandikwe katika mwenendo wa shauri, na mshtakiwa aelezwe kwa Kiswahili chepesi kwamba, baada ya kuyasikia, anaweza kumpinga mzee huyo na kutoa sababu. Uamuzi wa hakimu juu ya pingamizi hilo nao uandikwe.

(c) Mzee aliye na ndugu wa karibu katika kituo kilichokamata au kupeleleza, au kituo anachotoka shahidi, asiketi katika shauri hilo pale ushahidi wa polisi unapobishaniwa. Kwa uhusiano wa mbali zaidi hakimu apime mwenyewe na kueleza sababu zake.

(d) Uhusiano ukijulikana katikati ya kesi, mzee awe na wajibu wa kuusema mara moja, na mshtakiwa aulizwe tena. Wazee waelezwe pia, kwa maneno ya wazi kila shauri linapoahirishwa, kwamba wasilizungumze na mtu yeyote nyumbani wala mtaani.

(e) Malalamiko kuhusu upendeleo wa mzee au mshauri yajibiwe kwa maandishi ndani ya siku 30, na anuani ya kuyapeleka ibandikwe kwenye mbao za matangazo za mahakama, mahali ambapo ndugu za washtakiwa husubiri.

Kuhusu kijana wetu sikuombi lolote katika barua hii. Rufaa yake itasikilizwa na wanaohusika na tutauheshimu uamuzi wao. Ninayemwombea hapa ni yule atakayepanda kizimbani wiki ijayo katika mahakama nyingine ya jiji hili, atakayesimama mbele ya wazee wawili asiowajua, dhidi ya neno la askari mmoja.

Nitashukuru kupata jibu la maandishi, na niko tayari kufika mbele ya afisa yeyote utakayemteua kueleza zaidi, nikiwa na nakala za barua zangu za awali zenye mihuri ya kupokelewa.

Wako mtiifu,

Mwalimu mstaafu, mkazi wa Temeke,
Dar es Salaam.

Nakala:
Waziri mwenye dhamana ya Katiba na Sheria
Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora
Tume ya Kurekebisha Sheria Tanzania